Kabati la mahogani na nanga ya dhahabu: namna ya kuvikagua kabla ya mnada

Swali: Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na sasa naishi Leicester, Uingereza. Wiki ijayo kuna mnada karibu na hapa, na katika katalogi yake nimeona vitu viwili vinavyonivutia. Cha kwanza ni kabati la mahogani la sehemu mbili: chini lina droo na kibao cha mteremko kinachofunguka kuwa meza ya kuandikia, juu lina rafu za vitabu zenye milango ya vioo. Wanasema ni la wakati wa Mfalme George III wa Uingereza. Cha pili ni jozi ya sanamu za kauri, mchungaji na mwanamke mwenye kikapu, zenye alama ya nanga ya dhahabu mgongoni, na wanazitaja kuwa za kiwanda cha Chelsea. Nimeambatanisha picha. Nitajuaje kama ni vya kweli, na je, ni mwanzo mzuri kwa mtu anayetaka kukusanya vitu vya namna hii na siku moja kuvipeleka nyumbani?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mnada hausubiri, kwa hiyo natanguliza jibu na sababu zitafuata. Sanamu ziache. Kabati linastahili kukaguliwa kwa mikono yako mwenyewe, lakini nina shaka kubwa kwamba sehemu yake ya juu na ya chini zilitoka katika karakana moja. Na kama nia yako ni kuanza kukusanya, hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili ambacho ningekushauri uanze nacho.

Katika fani hii jina, alama na sura ya mbele ndivyo vinavyoigizwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa ndivyo mnunuzi anavyovitazama kwanza. Mgongo wa kabati, upande wa chini wa droo na kitako cha sanamu havikutengenezwa ili vionekane, na muigaji mara chache huwa na subira ya kuvishughulikia ipasavyo. Kwa hiyo ukaguzi wako uanzie huko, na alama uifikie mwisho kabisa, baada ya kitu chenyewe kukuambia umri wake.

Kuhusu samani, yakupasa ujue kwanza mbao zilivyobadilika. Tangu Mfalme Charles II aliporejea kwenye kiti cha enzi mwaka 1660 hadi takriban miaka ya 1730, kabati bora la London lilikuwa la mjozi uliopasuliwa kuwa vinia, yaani mabamba membamba sana ya mbao, na kubandikwa juu ya mwaloni au msonobari. Baridi kali ya mwaka 1709 iliua mijozi mingi barani Ulaya, Ufaransa ikapiga marufuku kuuza mbao hizo nje mwaka 1720, na mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likaondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika na Karibi. Ndipo mahogani ya Jamaika ilipoanza kumiminika, ikifuatiwa na ya Kuba na ya Honduras. Huo si mkangazi wetu, ingawa miti hiyo ni ya ukoo mmoja. Waliouangusha na kuukokota hadi ufukweni walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani, jambo ambalo katalogi za minada hazilitaji na ambalo mkusanyaji mwenye asili ya Afrika hana sababu ya kulifumbia macho anapopitisha kiganja juu ya meza nzuri ya karne ya 18.

Majina makubwa utakayoyasikia ni matatu, na yote yanatumiwa ovyo. Thomas Chippendale, mzaliwa wa Otley huko Yorkshire, alichapisha mwaka 1754 kitabu kikubwa cha michoro ya samani, na mafundi wa miji mingine wakakinunua na kutengeneza kwa kukifuata. Yeye hakuwa na desturi ya kutia jina kwenye kazi zake. Tunazozijua kwa hakika, kama zile za jumba la Harewood House, tunazijua kwa sababu hati za malipo zimehifadhiwa. George Hepplewhite alikufa mwaka 1786, kitabu chake kikatolewa miaka miwili baadaye na mjane wake, na hakuna samani hata moja inayoweza kuthibitishwa kuwa ilitoka mikononi mwake. Thomas Sheraton naye anajulikana kwa michoro kuliko kwa mbao. Kwa hiyo mtu akikuuzia kiti cha Hepplewhite, amekuuzia umbo tu. Karakana iliyogonga muhuri wa jina kwenye kazi zake nyingi ni Gillows ya Lancaster, na hata hapo muhuri uwe nyongeza ya ushahidi mwingine.

Sasa kabati lako. Siku ya maonyesho kabla ya mnada nenda mapema ukiwa na tochi, futi ya kupimia na lenzi ndogo ya kukuzia, na usione haya kuomba droo zitolewe. Wenye mnada wamezoea. Toa droo moja kabisa na uigeuze. Pembe zake zinapaswa kuwa zimeshikana kwa meno yaliyokatwa kwa mkono, ambayo hayalingani sawasawa kwa upana, na mara nyingi utaona mstari mwembamba uliokwaruzwa na fundi kwa ncha ya chuma ili kuongoza msumeno wake. Meno yote yakiwa ya kipimo kimoja na nafasi moja, hiyo ni kazi ya mashine, ya nusu ya pili ya karne ya 19 au baada yake. Mbao za ubavuni mwa droo ya enzi ya George III kwa kawaida ni mwaloni mwembamba, na nyuzi za kitako chake hukatiza kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Katika droo za mwanzoni mwa karne ile, nyuzi zilitoka mbele kwenda nyuma. Tazama pia njia ambazo droo hupita ndani ya kabati. Miaka mia mbili ya kuvuta na kusukuma lazima ichimbe mfereji, na kama haupo, basi njia zimebadilishwa au kabati halina miaka hiyo.

Kisha elekeza mwanga wa tochi kwa ubavu kwenye mbao za mgongo. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka isiyo na mpangilio kamili, ilhali msumeno wa duara, ambao ulienea Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, huacha alama zenye umbo la tao. Skrubu za karne ya 18 hazina ncha kali na mfuo wa kichwani aghalabu hauko katikati. Zile zenye ncha, zilizotengenezwa kwa mashine, zilienea baada ya miaka ya 1840. Skrubu hubadilishwa, kwa hiyo moja pekee haitoshi kutoa hukumu. Ninachokiamini zaidi ni rangi ya mbao ambazo hazikupigwa polishi. Mbao iliyoachwa kwenye hewa huiva polepole na bila usawa: sehemu iliyo wazi huwa nyeusi zaidi, na ile iliyofunikwa na ubao mwingine hubaki nyepesi. Muigaji hupaka rangi ya chai kila mahali kwa kiwango kimoja, hata pale ambapo hewa haikufika.

Katika picha yako ya tatu, upande wa ndani wa uso wa droo ya juu, naona matundu mawili yaliyozibwa kwa vijiti kando ya matundu yanayotumika sasa. Hilo peke yake si dalili ya udanganyifu. Wakati wa Malkia Victoria watu wengi waliondoa vishikio vya shaba vya asili na kuweka vifundo vya duara vya mbao, na baadaye wengine wakarudisha shaba. Jambo la kuchunguza ni kama upande wa nje nao una viraka vidogo vinavyolingana na matundu hayo. Yakiwepo ndani tu na nje hakuna alama yoyote, uso wa droo umebandikwa vinia mpya, na hapo thamani inashuka sana.

Shaka yangu kubwa iko kwenye muungano wa sehemu mbili. Katika picha ya ubavuni, kabati la vitabu limeingia ndani mno, likiacha ukingo wa karibu vidole vinne kila upande. Nyuzi za mahogani ya juu ni nyekundu na zimenyooka, ilhali ya chini ni ya kahawia na ina mawimbi. Waombe wenye mnada wainue sehemu ya juu. Fundi wa karne ya 18 hakupoteza mahogani nzuri wala polishi mahali ambapo hapataonekana, kwa hiyo uso unaokaliwa na kabati la vitabu unapaswa kuwa wa mbao duni au angalau mbao isiyopambwa. Ukikuta uso uliong'arishwa vizuri na wenye mikwaruzo ya matumizi, meza hiyo iliishi peke yake kwa miaka mingi kabla ya mtu kuitafutia mwenzi. Milango nayo ikague: katika kazi ya asili kila kioo kidogo hukaa peke yake kati ya fito zake, ni chembamba, na mwanga unaoakisiwa nacho hutetemeka kidogo unaposogeza kichwa. Kioo kimoja kikubwa kilichowekewa fito juu yake ni cha baadaye, na mara nyingine kilichukua nafasi ya mlango uliokuwa wa mbao tupu.

Kabati lililooanishwa si takataka. Linaweza kuhifadhi vitabu na vyombo kwa miaka mia nyingine, ila bei yake inapaswa kuwa sehemu ndogo tu ya bei ya lile ambalo sehemu zake zilitengenezwa pamoja. Soma katalogi kama unavyosoma mkataba: wakisema ni la George III wanadai ni la kati ya 1760 na 1820, na wakisema ni la mtindo wa George III wanakuambia kwa adabu kwamba ni nakala. Juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyofikiwa mnadani, utaongezewa ada ya mnunuzi, ambayo katika minada mingi ya Uingereza huwa kati ya asilimia 20 na 30, pamoja na VAT juu ya ada hiyo, na pia gharama ya kulibeba. Panga kikomo chako baada ya kujumlisha yote hayo.

Kuhusu sanamu nitakuwa mkali zaidi, kwa kuwa hapa ndipo wageni wengi wanapopoteza fedha. Kauri nyeupe inayopitisha mwanga ilikuwa siri ya nchi za Mashariki kwa karne nyingi, hadi Meissen ya Ujerumani ilipoanza kuitengeneza mwaka 1710. Waingereza walianza katika miaka ya 1740 bila kuwa na mchanganyiko ule. Chelsea, kiwanda cha Nicholas Sprimont, fundi wa vyombo vya fedha mwenye asili ya Liège, kilisimama mnamo 1745. Bow, mashariki mwa London, walitia majivu ya mifupa ndani ya udongo; Worcester, iliyoanzishwa 1751, walitumia jiwe la sabuni kutoka Cornwall; Derby nayo ilikuwa na njia zake. Vyote hivi huitwa kauri laini. Kauri ngumu ya namna ya Kichina ilitengenezwa Uingereza na wachache tu, kuanzia Plymouth mwaka 1768, kisha Bristol. Mwishoni mwa karne hiyo Josiah Spode alipata mchanganyiko wenye karibu nusu ya majivu ya mifupa, na huo ndio unaotawala viwanda vya Uingereza hadi leo.

Chelsea walitumia pembetatu iliyochorwa kwenye udongo mbichi, kisha nanga iliyoinuliwa, kisha nanga nyekundu tangu takriban 1752, na hatimaye nanga ya dhahabu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1750 hadi 1769. Mwaka 1770 kiwanda kikaingia mikononi mwa William Duesbury wa Derby. Nanga ya kweli ni ndogo mno, ya milimita chache, na mara nyingi imewekwa mahali pa kificho. Nanga katika picha yako inakaribia sentimita moja, imechorwa kwa mbwembwe, na imekaa katikati ya mgongo kama tangazo. Mwaka 1845 Edmé Samson alifungua kiwanda Paris kilichopata umaarufu kwa kunakili kauri za kale za kila nchi, na wengine wengi barani Ulaya walifanya hivyo hivyo. Nanga ya dhahabu ni miongoni mwa alama zilizoigwa kupita kiasi.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye ukingo wa kofia ya mchungaji, mahali palipobanduka kipande. Nimeikuza picha hiyo: mvunjiko wake ni laini na unang'aa kama kioo kilichokatika. Huo ni mvunjiko wa kauri ngumu, na Chelsea hawakuwahi kutengeneza kauri ngumu. Kauri yao inapobanduka huonyesha chembechembe kama za sukari. Kwenye kauri laini rangi huzama kidogo ndani ya glezi, yaani ile ngozi ya kioo inayofunika chombo, ilhali kwenye kauri ngumu rangi hukaa juu yake na kidole huihisi. Kwa hiyo hata bila kuiona nanga, jibu lingekuwa lile lile. Sanamu zako huenda ni nakala nzuri za karne ya 19, na zina wapenzi wake, lakini si kwa bei iliyoandikwa.

Ukikutana na sanamu yenye udongo sahihi, tafuta ukarabati. Vidole, vichwa na maua ndivyo huvunjika kwanza. Taa ndogo ya mionzi ya urujuanimno hufichua rangi mpya kwa kuwaka tofauti na glezi ya asili, na wakongwe wa biashara hii hugusisha kitu kwenye jino: kauri ni baridi na ngumu, rangi ya ukarabati hujibu kama plastiki. Kwa vyombo vya baadaye alama husaidia zaidi. Alama ya almasi ya usajili wa michoro ilitumika kati ya 1842 na 1883. Jina la nchi, England, lilienea kwenye vitako baada ya sheria ya ushuru ya Marekani iliyoanza kudai hivyo mwaka 1891. Na chombo kinachosema kimetengenezwa England kwa maneno kamili kwa kawaida ni cha karne ya 20, hata muuzaji aseme ni cha bibi yake mzaa bibi.

Ungeanza na nini, basi? Kwa samani, ningekuelekeza kwenye kabati fupi la droo la mahogani la mwishoni mwa karne ya 18. Samani za kahawia, kama zinavyoitwa hapa, zimeshuka bei mno tangu mwanzoni mwa karne hii kwa sababu vijana hawazitaki, na kabati la droo lililo sawa hupatikana mnadani kwa pauni mia chache, pengine chini ya bei ya kabati jipya la mbao za kubandika. Kwa kauri, nunua kikombe kimoja cha Worcester cha karne ya 18, cha bluu na nyeupe, kisicho na mshikio, ambacho kimepasuka au kimebanduka. Wakusanyaji wa vitu kamili watakukimbilia mbali, bei itakuwa ndogo, na mvunjiko wake utakufundisha udongo kwa namna ambayo kikombe kizima hakiwezi. Kiinue kwenye mwanga uone rangi ya kijani hafifu inayopita ndani yake, na uchunguze ule mstari mwembamba usio na glezi kando ya mguu wake kwa ndani.

Uko Leicester, na hiyo ni bahati. Makumbusho ya mji wa Derby yana mkusanyiko mkubwa wa kauri za Derby, na safari yake si ndefu. London kuna Victoria and Albert Museum, ambako kumewekwa mkusanyiko ambao Lady Charlotte Schreiber aliutoa mwaka 1884 baada ya kuzunguka Ulaya na mumewe wakinunua kauri za Kiingereza wakati ambapo Waingereza wenyewe hawakuzijali sana. Kabla ya kununua chochote cha gharama, tembelea kabati hizo mpaka macho yako yazoee weupe wa kweli.

Kuhusu kuvipeleka Tanga, kauri haina tatizo. Watu wa pwani walipachika bakuli za Kichina kwenye makaburi ya nguzo ya Tongoni, na nyumba za mawe za Lamu zilipanga sahani kwenye zidaka, zote katika hewa ya bahari. Samani ni suala jingine. Gundi ya kale ilipikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulegea katika joto na unyevu. Vinia ya mjozi itainuka na kujikunja, hasa katika chumba ambacho kiyoyozi huwashwa usiku na kuzimwa mchana, kwa maana mbao huumizwa zaidi na mabadiliko ya mara kwa mara kuliko na unyevu wenyewe. Ukitaka kupeleka, peleka mahogani isiyo na vinia, iliyokaguliwa matundu ya bungua na kutibiwa kabla ya safari, na huko isimame mbali na ukuta wenye fukuto, miguu yake ikiwa juu ya vigae na si juu ya sakafu inayofikiwa na mchwa.

Usinunue chochote chenye pembe ya ndovu, hata kama ni kizibo kidogo cha tundu la ufunguo au kifundo cha kasha la chai. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inaruhusu kuuza kitu cha kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10 iwapo kimesajiliwa, lakini usajili huo hauvuki mpaka, na kuingiza pembe ya ndovu Tanzania bila vibali vya kimataifa ni kujitafutia kesi.

Vyombo vya kale utakavyovipata vioshe kwa mkono, kimoja kimoja, katika beseni la plastiki lenye maji ya uvuguvugu, na usivitie kamwe kwenye mashine, kwa kuwa dhahabu yake itaondoka. Usivitumie kwa juisi ya ndimu au achari, maana glezi nyingi za zamani zina risasi na asidi huitoa. Na sahani za ukutani usizitundike kwa zile waya zenye springi zinazobana ukingo. Zimemega sahani nyingi. Weka kidaka au rafu yenye mfereji.